Mawe Yetu Kwenye Tovuti Yao

Kwetu Makueni, chini ya soko la Kikima, kuna adhabu moja mbaya kuliko kiboko, na haina kelele hata kidogo. Mwethya ni kazi ya zamu. Leo wanawake wote wanakuja kwako na majembe, wanakuchimbia mitaro ya fanya juu ili mvua isichukue udongo, unawapikia, wanakula, kisha mnahamia kwa mwenzenu na wewe uko mbele na jembe lako. Hakuna anayeandikiana mkataba na mwenzake. Ukishalimiwa, mgongo wako si wako tena mpaka zamu ziishe.

Sasa atokee mama aliyelimiwa, halafu zamu za wenzake zikifika anaumwa na kichwa, mara mtoto ana homa, mara amefiwa na mtu ambaye hata jina lake analitafuta. Kikundi cha mama yangu hakimtukani mtu kama huyo. Kinamrudia. Wanawake wanafika kwake asubuhi bila kuitwa, wanachimba mtaro mwingine mzuri kuliko wa kwanza, bila wimbo na bila porojo, na akileta chakula wanamwambia, "Tumeshiba." Wanabeba majembe, wanaenda zao.

Niliona jambo hili kwa macho yangu nikiwa msichana mdogo. Mama yule alileta sufuria ya mahindi na mbaazi, akafunua kifuniko ili harufu imsaidie kubembeleza. Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Tumeshiba, mwenzetu," akasema kwa heshima kabisa, na wengine wakafuata mmoja mmoja, na yule mama akabaki amesimama na mwiko mkononi. Hakuna aliyemsema baada ya hapo. Lakini kabla ya mvua nyingine alikuwa amehamia Kambu, anauza matikiti kwa madereva wa malori, na nasikia mpaka leo akimwona mtu wa kwetu anapunguza bei kabla hajaulizwa.

Nilimsimulia rafiki yangu kisa hicho siku moja tukipika pamoja Kitui mjini. Alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Aiya! Heri wanichape," akasema. "Kweli kabisa, heri wanichape hadharani, kuliko kukataa chakula changu."

Kumbe alikuwa ameelewa vizuri.

Tulikuwa walimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi, na tulikodi nyumba moja nyuma ya soko, vyumba viwili na jiko la pamoja. Mimi ni mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Yeye alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kuomba na mwepesi wa kushukuru, mtu ambaye muuza mboga anamwongezea fungu bila kujua kwa nini. Kwao ni Kitui, upande wa kusini ambako ng'ombe wanajua njia ya maji kuliko watu. Tulipishana kwa kila kitu na tukapatana kwa kila kitu. Nilimpenda. Nalisema mapema ili nisije nikajifanya baadaye kwamba sikumpenda.

Wazo la mwethya wa tovuti lilikuwa langu. Kikundi cha kwao kilikuwa kinafuga nyuki na kuuza ndengu, na wateja wa Nairobi walitaka kuona kitu mtandaoni kabla ya kupiga simu. Kikundi cha mama yangu nacho kilikuwa na haja kubwa zaidi, nitaieleza. Kila mmoja wetu alikuwa amejaribu kutengeneza tovuti peke yake na kukwama. Basi nikamwambia, tufanye kama nyumbani. Tuanze na yako, sote wawili, mpaka iishe. Halafu tuhamie kwangu.

"Si unajua mimi ni mtu wa mwethya," akaniambia huku ameshika kifua. "Nikianza kula kwako, nitalima kwako."

Kazi yenyewe tuliifanya kwa mfumo ambao waandishi wa programu wanautumia ili wasikanyagane, unaitwa Git, na nilikuwa ninaufundisha darasani. Nakala kamili ya tovuti iko kwako, nyingine iko kwangu, na ya tatu iko mtandaoni, na hiyo ya tatu ndiyo dunia inaiona. Ukibadilisha kitu unaandika mstari mmoja wa kueleza ulichofanya, kisha unakisukuma mtandaoni kikasubiri. Mwenzako anakipitia. Akiridhika anabonyeza kukubali, na papo hapo tovuti inajichapisha, tena bure. Asipobonyeza, hakiendi popote. Ndivyo tulivyopanga, kwamba hakuna atakayeigusa ile ya tatu bila ruhusa ya mwenzake.

Wanafunzi wangu niliwafokea kila wiki kuhusu kubonyeza kabla ya kusoma. Pitia mstari kwa mstari, nikawaambia, hata kama ni kazi ya ndugu yako. Lakini mimi ni mtoto wa mwethya. Katika mwethya hakuna anayemfuata mwenzake na fimbo akipima kina cha mtaro wake. Ukifanya hivyo umemtukana, umemwambia wewe ni wa kupimwa. Kwa hiyo rafiki yangu aliposukuma kazi yake mimi nilikubali, na niliposukuma yangu alikubali, na tukaita hiyo heshima.

Tovuti yao ilitupa jasho. Menyu ilikaa sawa kwenye kompyuta, lakini kwenye simu ilianguka juu ya picha ya mizinga na kukataa kuondoka. Mara moja tulibadilisha mstari uleule sote wawili bila kuambiana, mfumo ukagoma, ukatuonyesha maneno yake hapa na yangu pale na kutuuliza tunataka yapi. Tukabishana kwa kicheko kama ni "asali safi" au "asali halisi", na tukaishia kuandika zote mbili. Stima zilipotea tukiwa katikati ya kazi, tukatoka kibarazani kungoja, yeye akinisuka nywele. Ile nyumba ilikuwa na furaha, na ninachukia kwamba bado naikumbuka hivyo.

Siku tovuti ilipotoka, alinipeleka kwao. Mama yake alishika simu kwa mikono miwili, akaona mizinga yake ndani ya kioo, akaniombea sala ndefu mpaka chai ikapoa. Nilikula kwao na nikarudi na chupa ya asali. Zamu yao ikawa imeisha.

Zamu yangu sasa. Kikundi cha mama kina mto, lakini ni mto wa mchanga. Maji hupita kwa kelele siku chache za mvua, kisha yanajificha chini na kubaki hapo, na unayafuata kwa kuchimba. Ukijenga ukuta wa mawe na simiti kukata mto, mchanga unajazana nyuma yake na maji yanakaa ndani ya mchanga miezi mingi. Tunaliita bwawa la mchanga. Mama na wenzake waliliwazia kwa muda mrefu, na kiangazi baada ya kiangazi walibeba mawe kutoka mlimani, kwa kichwa, kwa mgongo, kwa punda aliyekuwa na nia njema siku hiyo. Haba na haba, rundo likawa refu kuliko mtu. Kilichobaki ni simiti.

Shirika moja lilikuwa linatoa simiti kwa vikundi vilivyokwisha kukusanya mawe. Walitaka mambo mawili tu: mawe yawepo, na kikundi kiwe na tovuti ili wafadhili wao walioko mbali waone mahali na watu. Simiti ya awamu hiyo ilikuwa ya kikundi kimoja katika kaunti zetu mbili. Habari hiyo niliipata chuoni, na mtu wa kwanza niliyemwambia ni rafiki yangu. Nilimweleza masharti yote tukiwa tunaosha vyombo.

"Mama yako atapata," akasema. "Nani mwingine ana mawe? Mimi nitakuja kupiga picha."

Akaja. Alikuwa na kamera nzuri na jicho zuri, hilo siwezi kumnyima. Wanawake walimngoja wakiwa wamevaa kama wanaenda kanisani, isipokuwa mama yangu aliyevaa sweta lake la kijani la kila siku kwa sababu, alisema, mawe hayamjui kwa nguo nyingine. Kwanza alikaribishwa chakula. Kuku alichinjwa, na hakuwa kuku wa kuchinjwa ovyo, alikuwa yule anayetaga. Mama alimwekea rafiki yangu paja na kumwita mwiitu wakwa, binti yangu, na akamfungia maparachichi ya kubeba. Baada ya kula akashuka mtoni na kuzunguka lile rundo kwa saa nzima, akiwapanga wanawake na kuwachekesha. Alimpiga mama picha ameweka mkono juu ya jiwe kubwa la pembeni, anacheka na pengo lake wazi. Nadhani ndiyo picha nzuri kuliko zote mama amewahi kupigwa.

Halafu mikono yake ikawa haionekani kazini. Nilitengeneza ukurasa wa kwanza, nikausukuma, nikamwomba aweke picha. Kesho. Nikamkumbusha. Bando imeisha. Nikamkumbusha tena. Alikuwa amekwenda kwao kwa likizo na huko, alisema, network inapatikana juu ya kilima tu. Nikamwandikia, panda kilima. Akanitumia alama za kucheka.

Katika siku hizohizo alikuwa na network ya tovuti yao. Mabadiliko yaliletwa kwenye simu yangu yakisubiri nikubali, na mstari wa maelezo ulisema, "Picha za mwethya." Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kununua kuni. Nilifurahi kwamba yuko kazini, nikawaza labda akimaliza yake atakumbuka yangu, nikabonyeza kukubali bila kufungua. Mfumo ukanishukuru na tovuti yao ikajichapisha.

Mwishowe alinitumia picha zangu, chache, pamoja na pole nyingi. Ile ya mama na jiwe la pembeni ilikuwemo. Nikamaliza tovuti yetu peke yangu, ukurasa wa mawe, ukurasa wa wanawake, ramani ya mto, na kwa kuwa hapakuwa na wa kunipitia nikajikubalia mwenyewe na kuichapisha. Haikuwa nzuri sana. Menyu yake bado inasitasita. Lakini nilipompelekea mama aliivuta picha yake kubwa, akaliangalia pengo lake, akasema, "Wazungu watajua nimezeeka," na akaniomba nimwonyeshe tena. Wanawake walikaa kwenye mawe yao wakijitazama kwenye simu moja. Mmoja alisema sasa simiti haina pa kupotelea.

Simu ya afisa wa shirika ilinikuta darasani. Sauti ya kijana, yenye adabu ya ofisi.

"Madam, naongea na mwenye hii website ya Makueni? Ya sand dam?"

Nikasema ndimi.

"Sasa madam, hizi picha za mawe tumeshaziona. Ziko kwa website ya group ingine ya Kitui. Hao walileta mapema. Sisi hatupendi mambo ya kucopy kazi ya wengine, madam. Nimekupigia tu kukuambia kwa uzuri."

Nilimuuliza kikundi gani. Akakitaja. Nilikuwa nimeliandika jina hilo kwa mikono yangu kwenye tovuti yake, kwa herufi kubwa, na kulichagulia rangi ya asali.

Nilifungua tovuti hiyo mbele ya wanafunzi. Baada ya ukurasa wa nyuki na ukurasa wa ndengu kulikuwa na ukurasa mpya, na humo lilikuwamo rundo letu, punda wetu, na mama yangu na sweta lake la kijani, mkono juu ya jiwe. Chini yake paliandikwa, "Mwanachama wetu akiwa na mawe ya bwawa letu." Nikatafuta mambo hayo yaliingiaje. Yaliingia kwa "Picha za mwethya." Yalikubaliwa na mimi.

Nimeibiwa mara kadhaa maishani. Simu stendi ya mabasi, viatu vipya vilivyoanikwa kwenye kamba. Mwizi wa namna hiyo anaogopa, anakimbia, na katika kukimbia kwake kuna heshima fulani. Huyu hakukimbia. Aliniletea kitu alichoiba mpaka mlangoni na kuniomba nimbebee upande mmoja, kwa sababu alijua mimi si mtu wa kumpima. Alinijua hivyo kwa kulala nyumba moja na mimi.

Nikampigia. Network ya kilimani siku hiyo ilikuwa safi.

"Umeweka mama yangu kwa website yenu," nikasema.

Akasema, "Nilikuwa nikuambie."

"Lini?"

"Wee, usinisemeshe hivyo. Ni picha tu. Mawe ni mawe, hata huku yako, ni vile tu hatujayaokota."

"Umesema ni mwanachama wenu."

"Na si wewe mwenyewe uliapprove?" akasema, na sauti yake ikapata nguvu kana kwamba jambo hilo lilimjia wakati uleule. "Ningekuwa naficha ningekutumia? Uliona, ukakubali. Sasa unaniuliza nini?"

Nilitaka kumpiga kofi, na simu haina shavu. Basi akaendelea, taratibu zaidi. "Nyinyi mko karibu na milima. Mvua mnapata, parachichi mnapata. Mamangu anaenda maji na giza na anarudi jua limewaka. Unafikiri sisi hatuna kiu? Ningefanya nini, niangalie tu simiti ikienda kwenu?"

Ningempa nafasi ya kuomba, kama angeomba. Angesema tugawane picha, tuandike barua ya pamoja, tuwaombe wafadhili. Nadhani mama yangu angempa hata mawe, mradi amwombe. Nilimwambia hivyo.

"Haya basi, pole," akasema, na akakata.

Afisa nilimpigia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza, akasema anaelewa, akasema kila mtu husema hivyo, akasema lori la simiti limeshatoka na orodha imefungwa na tujaribu awamu nyingine. Aliniambia nisikasirike. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wazee walisema, na mimi niliyefundishwa msemo huo tangu shule ya msingi nilikuwa nimeuchukua kama zoezi la kujaza pengo.

Ilibidi niende nyumbani kumwambia mama. Niliogopa kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ni mimi niliyemleta yule mtu mpaka rundoni. Nilimkuta akichambua mbaazi. Nikamwambia yote, na tovuti nikamwonyesha. Akajitazama pale kwenye ukurasa wa watu wengine. Hakulia wala hakumlaani mtu. Aliuliza swali moja.

"Alipiga picha kabla ya kula ama baada?"

"Baada, mama."

"Sawa," akasema, akarudi kwa mbaazi zake.

Nikamwambia bado nina ruhusa ya kuingia kwenye tovuti ile, hakuna aliyekumbuka kunifungia. Ninaweza kuurudisha ukurasa nyuma kama ulivyokuwa, amri moja tu, na kesho asubuhi picha yake haitakuwepo tena pale. Ningeweza hata kuivuruga tovuti nzima. Nilikuwa na kompyuta mapajani na vidole viliniwasha.

"Ziache picha," mama akasema. "Tukifika, watujue."

Sikuelewa mpaka wanawake walipokuja jioni ile na kukaa uani, na mama akawaeleza kwa maneno machache, na hakuna aliyeuliza tutafanya nini. Waliulizana tu nani ana nauli ya kuchangia na nani abaki na mbuzi. Nilipoelewa, nilitaka kuwazuia. Hawa ni wanawake wenye magoti mabovu. Halafu nikawaza yule rafiki yangu ameshika kisu jikoni, anacheka, heri wanichape, na sikuwazuia.

Tulienda na lori la mchanga la jirani, lililokuwa linarudi tupu upande wa Kitui. Mama alivaa sweta la kijani. Kila mmoja alibeba maji yake mwenyewe kwa chupa.

Mto wao ni mpana kuliko wetu na mkavu zaidi. Simiti ilikuwa imepangwa ukingoni chini ya turubai, mifuko mingi, na kando yake palikuwa na kirundo cha mawe ambacho mbuzi angeruka bila kujiandaa. Wanawake wa pale walikuwa wakiokota mawe haraka haraka, maana mvua ilikuwa karibu na simiti haingoji mtu. Walitupokea vizuri. Walidhani tumetumwa na kanisa. Mama alisalimia, akauliza mawe yanatoka wapi, akaonyeshwa kilima, akapanda.

Tulibeba mawe mpaka jua likawa kichwani. Wanawake wetu hawakuimba. Wenyeji walijaribu kuanzisha wimbo, wakaona hatuitikii, wakauacha ukafa. Nilimwona mmoja wao, mama wa makamo, akimtazama mama yangu, akimtazama tena, kisha akitoa simu kwenye leso yake na kuifungua. Akaangalia simu, akaangalia sweta. Akamwita mwenzake na kumwonyesha. Nikaona habari ikitembea kutoka mkono hadi mkono kando ya mto bila mtu kupaza sauti, na kazi ikisimama kwa mmoja baada ya mwingine. Mama yake rafiki yangu, yule aliyeniombea, alikuwa wa mwisho kupewa simu. Alishusha jiwe alilokuwa amebeba na kukaa juu yake.

Rafiki yangu alikuja na chakula. Nadhani alikuwa ameambiwa kuna wageni, basi. Alikuja na wasichana wawili wamebeba sufuria, mwenyewe amebeba sahani, na alipotuona alisimama kama mtu aliyekumbuka jiko linawaka nyumbani. Lakini alikuwa na ujasiri wake. Akaja. Alipiga goti kidogo mbele ya mama yangu, akafunua sufuria. Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na ndengu, na mafuta yake yalionekana.

"Karibu chakula, mama," akasema.

"Tumeshiba, mwiitu wakwa," mama akasema.

Hakuliondoa lile neno. Alimwita binti yake kama siku ya kuku. Rafiki yangu akamgeukia wa pili. Tumeshiba. Wa tatu. Tumeshiba, mwenzetu. Walisema mmoja mmoja, na kila mmoja aliyemaliza alienda kunywa maji ya chupa yake akikaa upande. Wanawake wa Kitui walitazama chini. Mama yake hakusogea kutoka kwenye jiwe.

Nilikuwa wa mwisho. Alinijazia sahani mwenyewe, hakuwaachia wasichana, na niliona alivyofanya. Alishusha mwiko mpaka chini kabisa ya sufuria akaukwangua ukoko ule mgumu uliogandamana, akaniwekea juu, mwingi. Katika ile nyumba nyuma ya soko tulikuwa tunaugombania ukoko kila jioni, na kila jioni aliniachia mimi.

"Wewe hata," akasema kwa sauti ndogo, sahani mbele yangu. "Wewe angalau kula. Tafadhali."

Mchuzi ulimwagika kwenye kidole chake, hakuufuta. Nilitaka aulize kitu kingine. Nilitaka aseme jambo moja kuhusu mama yangu. Nilimngojea mpaka nikasikia mmoja wa wanawake wetu akikohoa.

"Nimeshiba," nikamwambia.

Sikuwa nimeweka kitu mdomoni tangu tulipotoka nyumbani.